Re: Asili ya ukoo wa mume wangu, kutoka Massachusetts hadi Uingereza

Mama Wawili, Worcester:

Ndugu zangu, hamjambo. Wanangu wanaujua ukoo wa kwetu Tanga hadi kwa babu wa babu, maana bibi yao huwatajia kila akipiga simu. Upande wa baba yao tuna jina moja tu, la mtu aliyetua Massachusetts enzi za Wapuritani, wale Waprotestanti wa Kiingereza wa karne ya 17. Baba mkwe anaumwa, na hamu yake ni kujua kijiji walikotoka Uingereza. Nimefungua tovuti moja, nikaoneshwa ukoo unaopanda hadi kwa mfalme wa karne ya 11. Niuamini? Nianzie wapi, na ni gharama kiasi gani?

Jibu, Lowell:

Dada, pole kwa kuuguza. Huo wa mfalme uache kwanza. Watu hunakili kwa wenzao bila kuona hati hata moja, na uongo mwingine ni wa zamani: Gustave Anjou alilipwa na matajiri wa Marekani kuwatungia nasaba, na kazi zake za kughushi zimeendelea kunakiliwa.

Anza na baba mkwe mwenyewe, ukipanda kizazi kimoja kimoja kurudi nyuma, kila hatua na hati yake. Mna bahati kuwa Massachusetts: miji yake iliandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu karne ya 17, na mwaka 1841 jimbo likaanza kukusanya taarifa hizo. Nyingi utazipata kwenye tovuti ya FamilySearch bila kulipa kitu. Utakapokwama, mara nyingi ni kati ya 1790 na 1850, kwa sababu sensa za mwanzo zilitaja jina la mkuu wa kaya peke yake. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru. Hapo kimbilia wosia na hati za mashamba. Baba anayeandika "binti yangu fulani, mke wa fulani" amekumalizia kazi ya wiki nzima.

Usivuke bahari mpaka umemfikia yule wa kwanza kwa uhakika. Kati ya 1620 na 1640 walikuja New England, eneo la kaskazini-mashariki ya Marekani lenye Massachusetts, Waingereza kama 20,000. Kwa waliofika hadi 1635, tazama kwanza Great Migration Study Project, kazi ya kuwatafiti wahamiaji hao iliyoanzishwa mwaka 1988 na Robert Charles Anderson chini ya New England Historic Genealogical Society ya Boston. Uliza maktaba ya mji wenu kama wanavyo vitabu vyake. Kama kijiji kinajulikana, humo kimeandikwa pamoja na ushahidi wake.

Kama hakijulikani, fuatilia majirani. Watu wale walisafiri na ndugu, na mara nyingi nyuma ya mchungaji wao. Mji wa Hingham wa huku Massachusetts ulipewa jina la Hingham ya Norfolk, Uingereza, kwa sababu wengi walitoka huko, akiwemo Samuel Lincoln, babu wa mbali wa Rais Abraham Lincoln, aliyefika mwaka 1637. Waliopakana shamba na mtu wenu na walioshuhudia wosia wake watakuonesha wilaya ya kutafuta.

Rejista za parokia za Uingereza zilianza mwaka 1538, ingawa si kila parokia imehifadhi zake. Ukikuta ubatizo wenye jina la mtu wenu, usishangilie bado. Soma maziko ya parokia hiyohiyo: huenda mtoto yule alikufa mdogo. Soma na ndoa pia: huenda alioa palepale na kuzaa watoto wakati mtu wenu alikuwa tayari Massachusetts. Hapa ndipo koo nyingi huharibika. Na kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, hivyo Februari 1641 ya kwao ni 1642 ya kwetu. Andika 1641/2 usije ukajichanganya.

Jibu, Boston:

Mama Wawili, shemeji hapo juu amemaliza, naomba kuongeza jambo moja lililo moyoni mwangu. Utakaposoma orodha za mali za marehemu, jiandae. Mwaka 1638 meli iitwayo Desire ilileta Boston Waafrika waliouzwa, na sheria ya koloni ya 1641 iliruhusu utumwa. Katika orodha hizo unaweza kukuta jina la mtu, na thamani yake kwa pauni, kati ya ng'ombe na vyombo vya jikoni. Wanao wana damu ya Afrika na ya Uingereza, wasifichwe.

Ukikuta jina la namna hiyo, usilipite. Nakili jina, mwaka, mji, namba ya juzuu na ukurasa, kisha liweke wazi kwenye ukoo mnaoujenga. Vizazi vya watu wale wanatafuta pia, na wana hati chache mno: orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860 ziliandika umri na jinsia chini ya jina la bwana, majina yao karibu yote yakaachwa. Ukurasa utakaoupata ukimtafutia baba mkwe kijiji chake huenda ndio pekee uliobaki wenye jina la babu wa mtu mwingine.