Trela zinatudanganya na kiingilio tunalipa sisi

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka kuuziwa mbuzi kwenye gunia na trela, yale matangazo mafupi ya muvi.

Chukueni Wonka ya 2023. Trela nzima ni Timothée Chalamet na kofia yake, chokoleti na vichekesho, nyimbo zimefichwa. Umekaa kitini, taa zimezimwa, hata hujajiweka sawa, jamaa huyo yuko juu ya meli ameshaanza wimbo! Mean Girls ya 2024 ikafuata njia hiyohiyo. Watu wakaingia wakijua wanakwenda kuona ile ya 2004 ikiwa imerudiwa, wakakutana na muvi ya nyimbo iliyotoka Broadway, kwenye majumba ya michezo ya jukwaani kule New York. Mimi si adui wa muziki. Ninachouliza ni kimoja: kama nyimbo mnazionea haya, mlizitunga za nini?

Halafu kuna Wicked, na hii ndiyo iliyonikaba kooni. Bango linasema Wicked, basi. Ukishalipa na kukaa ndipo skrini inakuandikia kwamba hii ni sehemu ya kwanza. Dakika 160 za nusu hadithi! Nusu ya pili tukaisubiri mwaka mzima, hadi Novemba 2025, na kiingilio kingine juu. Jukwaani hadithi hiyo inachezwa tangu 2003 na inaisha usiku mmoja, mapumziko yakiwemo. Ukinunua viatu ukakuta cha kushoto peke yake, utaambiwa usubiri cha kulia mwakani? Na kinachoniuma zaidi ni kwamba muvi yenyewe ni nzuri. Cynthia Erivo akipandisha sauti pale mwishoni mwili unasisimka wote. Sasa mlichokuwa mnaficha ni nini?

Wa mashujaa wa kuruka nao wana uongo wao, neno "mpya". Fantastic Four ilianza 2005, ikaanza upya 2015, ikaanza upya tena 2025. Kila miaka kumi, kama sensa. Ya mwisho angalau ilikuwa na adabu, ikapita haraka kwenye habari za walivyopata nguvu. Spider-Man amekuwa na sura tatu kati ya 2002 na 2017, na mjomba wake tukamzika mara mbili. Wazazi wa Batman wameuawa mara ngapi, sitaki hata kuhesabu.

Za kihistoria? Napoleon ya 2023. Mizinga inapiga piramidi, jambo ambalo hakulifanya. Malkia Marie Antoinette anakatwa kichwa na Napoleon yupo anatazama, wakati hakuwepo. Kwenye vita vya Toulon, Ufaransa, mwaka 1793 Napoleon alikuwa kijana wa miaka 24; wao wakampa Joaquin Phoenix anayekaribia hamsini, halafu Josephine, aliyemzidi mumewe miaka sita, akachezwa na mwigizaji aliye mdogo sana kiumri kwa Phoenix. Kubuni si dhambi, lakini msinibandikie jina la mtu aliyeishi kweli kisha mniletee ndoto zenu.

Najua kuna mkuu atakuja hapa na "ni burudani tu, usipopenda usiangalie." Ndugu yangu, nitajuaje kwamba sitapenda, wakati trela imenificha ninachokwenda kuangalia?

Wengine leteni zenu. Nani aliingia akashtukia nyimbo, akabaki kitini kwa sababu hela imeshakwenda?