Mti wa kivuli kwa ploti: jakaranda, flamboyanti, mringaringa ama ambrela?

LanetBoma: Wadau habari. Niko na ploti futi 50 kwa 100 huku Lanet, Nakuru, nyumba imeisha, sasa nataka mti mmoja mkubwa upande wa jua la jioni, niweke viti chini na gari pia. Nataka wa kupukutisha majani Julai, kwa sababu wakati huo huku baridi ni kali na nataka jua liingie sebuleni. Nimeshaipenda jakaranda kama zile za mjini lakini nisikie kwanza.

NyarKisumu: Flamboyanti huku kwetu ndio mambo yote, unatandaza matawi kama paa. Lakini huo ni mti wa joto, Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari na nyinyi mko karibu 1,850, maua utangoja sana. Halafu mizizi inatambaa juu juu na matawi ni mepesi kuvunjika upepo ukija, gari usiweke hapo.

Omwana_wa_Malava: Mringaringa bana. Sisi Waluhya tunauita mukumari, ndio tunachongea ngoma za isukuti, mbao zake hata usiseme. Unakua haraka, majani mapana, maua meupe nyuki wanajaa. Ubaya wake ni yale matunda, yakianguka yananata kwa gari vibaya sana.

MwalimuJio: LanetBoma ngoja kwanza, hiyo hesabu ya Julai haiendi. Miti huku haipukutishi kwa sababu ya baridi kama Ulaya, inafuata ukame. Jakaranda inabaki uchi karibu na Septemba, Oktoba, ndio maua yatoke, na Julai bado iko na majani. Mringaringa nao unapukutisha kiangazi, wakati hasa unataka kivuli. Kwa hivyo cheza na upande badala ya majani: Julai jua linazama kaskazini kidogo ya magharibi, Januari linazama kusini kidogo. Panda kusini-magharibi mwa nyumba, jua kali la Januari litagonga mti, la Julai lipite kando liingie ndani.

LanetBoma: Eeh mwalimu, hiyo sikuwa nimefikiria kabisa 😂 Na ambrela je? Kila geti hapa iko na moja

NyarKisumu: Ambrela ni safi kwa ploti ndogo, matawi yanapanda kwa ghorofa, na haukai uchi sana. Kivuli tu ni chepesi, majani madogo. Jakaranda pia majani ni madogo madogo, yanaziba gata, kama unavuna maji ya mvua utapanda ngazi kila wiki.

MamaKuku_Bahati: Wowote ule uweke mbali na septiki na tangi, mita nane hivi. Shimo futi mbili kwa mbili, samadi iliyooza vizuri uchanganye na udongo wa juu, upande mvua za Aprili zikianza. Na uzungushie miiba, mbuzi wa jirani hawajui ni wa kivuli.

LanetBoma: Asante mama. Basi ni mringaringa, kona ya kusini-magharibi, gari itatafuta kwake. Mche nichukue mkubwa kiasi gani?

Omwana_wa_Malava: Futi moja na nusu inatosha. Chungulia chini ya karatasi ya plastiki iliyoshika mche kabla ulipe, kama mizizi imejizungusha hapo ndani achana nao, hata wakikuuzia nusu bei.