Dei kea ya mtaa iwe ya nani? Nimesikia habari za Waaborijini wa Australia, naomba ufafanuzi

mama_sahare:
Wadau salaam. Mie niko Tanga, Sahare, kwenye kamati ya kuanzisha kituo cha kulelea watoto wa miaka miwili mpaka mitano. Mfadhili tumeshapata ila mradi kaja nao umeandikwa mpaka rangi ya ukuta, sie twaitwa tu kusaini mahudhurio na kula maandazi. Mkutano wa juzi wameuweka saa tatu asubuhi, saa hiyo kina mama wenyewe wako diko wanangoja ngalawa ziingie wapate samaki wa kukaanga, basi wakaja wazee wachache na mwenyekiti halafu kwenye ripoti tukasoma "jamii imeshirikishwa kikamilifu". Sasa kuna mtu kaniambia Waaborijini, wale wenyeji wa asili wa Australia, wanaendesha huduma za watoto wao wenyewe na serikali inatoa hela. Ni kweli? Wamefikaje hapo, na hela anashika nani? Mfadhili anarudi wiki ijayo.

mdigo_ughaibuni:
Dada shikamoo kama umenizidi. Mi nafanya kazi dei kea huku Melbourne, kituo chetu cha kawaida tu sio cha Waaborijini, ila tunafundishwa na kukutana nao sana.

Ni kweli, ila uelewe kwanza hofu ilipoanzia. Kwa miongo mingi, mpaka kwenye miaka ya 1970 hivi, serikali na misheni walikuwa wakiwachukua watoto wa Kiaborijini kwa wazazi wao kwa nguvu, wengine hawakuonana tena mpaka kufa. Waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni Februari 2008, juzi tu hapo. Kwa hiyo bibi wa Kiaborijini akiona gari ya ustawi imesimama mlangoni hawazi msaada, anawaza mjukuu anakwenda. Hapo jenga kituo cha bembea na viyoyozi, mtoto haletwi ng'o.

Ndo wakaanza vya kwao. Huduma ya afya ya Redfern pale Sydney 1971, halafu 1981 ikaja SNAICC, chombo chao cha kitaifa cha kusemea watoto, na vituo ambavyo bodi ni wao wenyewe, ndo inaajiri na kupanga bajeti. Kwenye vituo vya namna hiyo utakuta basi linapita asubuhi nyumba kwa nyumba na dereva ni mjomba anayejulikana na kila mtu, nesi anapima masikio palepale maana magonjwa ya masikio yanawatesa sana watoto wao na asiyesikia vizuri mwalimu anamwona mzito, na mabibi wanakaa humo ndani na watoto, hakuna wa kuwauliza mnatafuta nini.

Ngamiani_Original:
Hadithi nzuri, ila wenzetu wana hela za kodi, sie twangoja mfadhili. Na hiyo "jamii iongoze" mbona mnaisema kama jamii ni malaika? Kamati ya maji ya mtaa wangu ilikuwa ya jamii tupu, mita hazijulikani zilikwenda wapi na mwenyekiti kapaua nyumba. Ukimpa mwenyekiti kituo kesho mwalimu ni shemeji yake, keshokutwa mpishi ni mtoto wa shemeji.

mdigo_ughaibuni:
@Ngamiani_Original hapo sikubishii, na hata huku mambo hayajanyooka. 2020 serikali zote za Australia zilisaini makubaliano na umoja wa mashirika ya Waaborijini: maamuzi yafanywe pamoja, mashirika yao yajengewe uwezo, idara za serikali zibadili tabia, na data wapewe wenyewe waione. Lengo moja ni kwamba ikifika 2031 asilimia 55 ya watoto wao wanaoanza shule wawe wamekua sawasawa kwenye nyanja zote tano zinazopimwa. 2018 walikuwa asilimia 35.2, 2021 wakashuka mpaka 34.3! Na huku uandikishaji wa chekechea ulikuwa umepanda vizuri tu. Yaani majina kwenye daftari yamejaa ila mtoto hajafaidika. Tume ya tija ya serikali ya Australia ilipochunguza ikasema wazi mwaka 2024 kwamba serikali zinasema ubia mdomoni lakini maamuzi bado zimeyakumbatia. Kwa hiyo mtu akikuletea idadi ya walioandikishwa mwulize na kingine.

ticha_bagamoyo:
Kwani lazima twende Australia? Mwambao wetu una mfano wake. Mombasa miaka ya 80 wazazi wa Kiislamu walitaka watoto wapate elimu ya awali bila kuacha dini, Mfuko wa Aga Khan ukasaidia, Bi Swafiya Said akawafundisha kina mama wa mitaani wakawa walimu, vifaa ni vya hapohapo, vifuu na mbegu na makopo. Mpango huo ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda. Mwalimu ni jirani yako, akikosa kuja unajua pa kumpata.

Dada wa Sahare, Tanga mnasifika kwa waja leo waondoka leo, na wafadhili ndo hivyohivyo, mradi ukiisha gari linageuza. Mi ningekomaa na mambo yatakayobaki nyuma yao: mkutano uhamie saa kumi jioni samaki wakishauzwa, mwalimu mmoja angalau atoke mtaani asomeshwe na mradi, na akaunti ya benki isitoke hela bila saini ya mzazi. Rangi ya ukuta waachie.

mama_sahare:
Saini ya mzazi nimeipenda, ila mzazi gani sasa? Maana wakisikia kuna saini hata wasio na watoto watajitokeza 😂

Ngamiani_Original:
Hapo diko hamna mama anayewashikia kibati, ule mchezo wa kupeana hela kwa zamu? Si ndo huyo. Miaka yote hela za watu zapita mkononi mwake na kila mtu anajua zamu yake. Mwenyekiti atanuna, mwache anune.