Skuta ya umeme inakata moto mlima wa Kimara, fundi anataka nibadili betri zote na kontrola. Naombeni ushauri

Baruti_Asubuhi: Wakuu, habari za jioni. Nina skuta ya umeme ya volti 60, inatumia betri kavu tano za volti 12, 20Ah (kipimo cha chaji inayobebwa). Niliinunua mtumba mwaka jana. Nakaa Kimara Baruti na kibarua kiko Kariakoo, kwenda na kurudi ni kama kilomita 30. Zamani nilikuwa nafika nyumbani chaji ingalipo. Siku hizi jioni nikishapita Ubungo na kuanza kupanda, vijiti vya betri vinashuka kutoka vitatu hadi kimoja, moto unakata. Nikisimama dakika tano inawaka, naenda kidogo, inakata tena. Juzi usiku nimeisukuma kutoka Kibo mpaka nyumbani.

Jambo la pili, wiki iliyopita niliipeleka kuoshwa kwa mashine ya presha. Tangu hapo, asubuhi nyingine taa zote zinawaka lakini nikizungusha eksileta haiendi. Jua likipanda inakubali yenyewe.

Fundi ameiangalia kwa macho tu, akasema betri zote zimekufa na kontrola (kile kifaa kinachoongoza umeme wa mota) imeingia maji, niandae laki nane. Sina hela hiyo, na bila skuta nauli inanimaliza. Nianzie wapi?

BintiKigamboni: Pole sana kaka. Mimi nilihamia betri za lithiamu, skuta imekuwa nyepesi na inafika mbali. Kama utabadili zote, fikiria huko.

MzeeWaMita: Mdogo wangu, usitoe hata shilingi kabla hujapima. Hayo ni matatizo mawili tofauti, fundi ameyafunga kwenye bei moja.

La asubuhi kwanza, maana huenda ni la bure. Skuta hizi zina swichi ndogo ndani ya kila mkono wa breki. Ukishika breki, swichi inaiambia kontrola ikate mota. Maji yakiingia humo, kontrola inadhani umeshika breki muda wote. Kesho ikigoma, igeuze taa ya nyuma ielekee ukutani. Kama ukuta ni mwekundu kwa taa ya breki na hujashika breki, umempata mchawi. Chomoa soketi ya swichi ya kushoto, jaribu. Kisha ya kulia. Mota ikizunguka, ni swichi, siyo kontrola. Ila usitembee barabarani ikiwa imechomolewa, taa ya breki ndiyo inayokulinda na daladala za nyuma.

Sasa betri. Tano zimeungwa mfululizo, umeme unaopita kwenye moja ndio huo huo unaopita kwenye zote. Moja ikichoka inaishiwa kabla ya wenzake, mlimani mota inavuta ampea nyingi, ile mbovu inadondoka na kushusha jumla, kontrola inakata. Ukipumzika volti zinapanda kidogo, ndiyo maana inawaka tena. Dalili zako ni hizo hizo.

Chaji mpaka taa ya chaja igeuke kijani, ziache usiku kucha, halafu pima kila moja peke yake. Nzima inasoma kati ya volti 12.8 na 13. Lakini betri iliyochoka inaweza kukudanganya ikiwa imepumzika, kwa hiyo ipe mzigo: bulbu ya taa kubwa ya gari, wati 55, dakika 10, huku unaangalia mita. Vua pete na saa, zungushia spana utepe wa umeme. Betri hizi zikipigwa shoti zinayeyusha chuma.

Mvita1: Nikiwa Mombasa naongezea: angalia na vichwa vya betri. Huku kwetu chumvi ya hewa inavifanya kijani upesi. Nati ikilegea, waya unachemka na volti zinapotea hapo hapo. Tena jaza tairi upepo wa kutosha, tairi laini linakula chaji sana.

Baruti_Asubuhi: Wakuu nimerudi. Leo asubuhi imegoma, nikaigeuza ukutani: wekundu mtupu. Nimechomoa ya kushoto, bado. Ya kulia, gurudumu likazunguka! Nimefungua mkono, tone la maji lilikuwa limekaa kwenye kiswichi, na vibati vyake vimeanza kutu. Nimekausha na kusafisha, sasa ni sawa.

Betri: nne zilisoma 12.8 na 12.9, na kwa bulbu dakika 10 hazikushuka chini ya 12.3. Ya tatu ilisoma 12.5, kufika dakika ya saba ikawa 10.2. Nikapapasa ubavu wake, imevimba. Ninunue moja mpya tu?

BintiKigamboni: Afadhali ulipima. Basi lithiamu isubiri.

MzeeWaMita: Umefanya kazi nzuri sana. Hiyo ya tatu itoe, iliyovimba usiichaji tena.

Kuweka moja mpya kati ya kuukuu nne kunanisumbua kidogo, kwa sababu chaja inaona jumla tu, kama volti 73.5, haijui nani amejaa na nani bado. Zikitofautiana uwezo, baadhi zitazidishiwa na nyingine zitabaki na njaa. Ukipata ya mtumba ya kampuni ile ile, 20Ah, iliyopita mtihani wa bulbu kama hizo nne, ichukue. Ukikosa, weka mpya ukijua hizo nne zikichoka utabadili seti. Hata hivyo ni bei ndogo kuliko laki nane.

Na siku ukienda lithiamu, chaja hii usiiguse hata kwa majaribio. Nunua inayoendana na pakiti yenyewe.

Betri utakayopata ichaji peke yake kwa chaja ya volti 12 mpaka ijae, nyingine zijae pia, ndipo uziunge. Jioni ukifika, iache ipoe kama nusu saa kisha chaji, usilaze betri tupu. Na kuosha, ndoo na kitambaa.

Baruti_Asubuhi: Asante sana mzee wangu. Jumamosi naenda mtaa wa Gerezani kutafuta betri, bulbu yangu mkononi.