Tarehe 8 Desemba, Central Park: tulienda kumkumbuka John Lennon, watembezaji wa wageni mkatuletea habari za muuaji wake

Wakuu, salaam.

Nimefika nyumbani saa 8 usiku, nimelala kidogo sana, nimeamka na hasira zilezile nilizolala nazo. Naandika kabla hazijapoa, maana zikipoa nitaanza kuwatetea watu wasiostahili kutetewa.

Jana ilikuwa tarehe 8 Desemba. Kwa wasiofuatilia, ndiyo siku aliyouawa John Lennon, mwanamuziki Mwingereza wa bendi ya Beatles, mwaka 1980, mlangoni kwake hapa New York. Kila mwaka siku hiyo watu hukusanyika Strawberry Fields, kipande cha bustani kubwa ya Central Park kilichotengwa kwa kumbukumbu yake, upande wa magharibi ukiingilia mtaa wa 72. Hakuna kamati wala mgeni rasmi, na hukatiwi tiketi. Mwenye gita anakuja na gita lake, asiye na kitu anasimama na kuimba na wenzake. Pale chini kuna duara la vijiwe vyeusi na vyeupe, zawadi kutoka mji wa Napoli, Italia, na katikati yake limeandikwa neno moja, Imagine, jina la wimbo wake. Watu huweka maua juu ya duara hilo mpaka vijiwe vinafunikwa.

Huu ni mwaka wangu wa saba katika jiji hili. Miaka sita iliyotangulia, tarehe 8 ilinikuta zamu ya usiku kazini. Safari hii nilibadilishana na mwenzangu, na deni lake nitalilipa kwa Jumapili mbili. Nasema hivi mjue kwamba sikuwa napita njia.

Na niwaambie kwa nini nilikwenda. Nyimbo za Beatles nilizikuta redioni kama watu wengine, zikapita. Lennon mwenyewe niliingia kumpenda wakati nasubiri karatasi zangu za uhamiaji. Ndipo nilipokuja kusoma kwamba huyu bwana, pamoja na fedha zake na jina lake lote, serikali ya Marekani ilianza kutaka kumfukuza nchini mwaka 1972. Kisingizio kilikuwa hukumu ya bangi aliyoipata London mwaka 1968, na yeye wakati huo alikuwa anaimba kupinga vita vya Vietnam. Machi 1973 akaamriwa aondoke ndani ya siku 60. Hakuondoka. Akakaa anapigana mahakamani mpaka tarehe 7 Oktoba 1975, mahakama ya rufaa ilipompa haki yake. Siku mbili baadaye, tarehe 9, siku aliyotimiza miaka 35, mwanawe Sean akazaliwa. Kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, aliishika mkononi Julai 1976. Yeyote aliyewahi kufungua sanduku la barua huku moyo unadunda akitafuta bahasha ya uhamiaji anajua wiki ile ya Oktoba ilikuwa na uzito gani kwa mtu.

Baada ya hapo akaweka muziki pembeni, akakaa nyumbani kulea mtoto. Novemba 1980 ndipo akatoa albamu mpya pamoja na mkewe, Yoko Ono. Haikutimiza mwezi. Usiku wa tarehe 8 Desemba wanatoka studio, wanarudi nyumbani, jengo la Dakota, ng'ambo tu ya barabara kutoka pale bustanini, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 40. Ameuawa kwenye kizingiti cha nyumba iliyo katika jiji alilopigania miaka yote ile apate kuishi.

Sasa huyo ndiye niliyekwenda kumkumbuka. Nilichokikuta sicho.

Nilifika saa 1 jioni. Baridi kali, lakini watu wamejaa, na kwa nusu saa ya kwanza mambo yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Vijana wanne na mzee mmoja walikuwa na magita, kila wimbo ukianza watu wanadakia. Mimi sauti yangu si ya kuimba mbele za watu, ila niliimba. Karibu yangu alikuwepo bibi mmoja, mwembamba, ameshika ua moja jeupe lililofungwa kwenye gazeti. Tukasalimiana. Akaniambia alikuwepo hapa hapa Central Park tarehe 14 Desemba 1980.

Hiyo tarehe 14 inafaa mjue ilikuwaje. Lennon hakufanyiwa mazishi ya hadhara. Mashabiki walikuwa wamekesha siku kadhaa nje ya Dakota wakiimba, na mjane yuko juu hapati usingizi. Akawaomba watawanyike, kisha Jumapili hiyo, popote walipo duniani, wanyamaze dakika 10 wakimwombea mumewe. Saa 8 mchana kwa saa za hapa, maelfu kwa maelfu ya watu bustanini wakanyamaza. Vituo vya redio vikakata matangazo, hewani hakuna kitu. Liverpool nako, alikozaliwa, ilikuwa saa 1 usiku na watu wamesimama kimya. Bibi aliniambia kitu anachokikumbuka zaidi ya vyote ni helikopta za waandishi wa habari juu, kwa sababu ndiyo sauti pekee iliyokuwepo. Nilimuuliza kama watu walilia. Akasema walilia baada ya zile dakika 10, wakati wenyewe hakuna aliyethubutu.

Shikeni hilo, kisha sikilizeni ya jana.

Bibi alitaka kuweka ua lake kwenye duara. Ni hatua kama tano tu. Pale kwenye duara palikuwa na foleni ya watu wa kupiga picha: anakanyaga vijiwe, anapiga selfi, anabadilisha pozi, anaangalia simu, hajaridhika, anarudia. Nyuma yake anaingia mwingine. Wengine wanalala kabisa juu ya maua ya wenzao. Bibi akasubiri. Mimi nikasubiri naye. Alipoona upenyo akaanza kuinama taratibu, magoti yenyewe ya kizee, nimemshika mkono. Kijana mmoja mwenye simu kwenye kijiti, anarusha mubashara, akamwambia asogee kwa sababu anamzibia.

Akasogea! Mtu aliyenyamaza na ulimwengu mzima mwaka 1980 akaomba radhi na kusogea, ua liko mkononi, ili kijana apate kuonyesha wafuasi wake maua.

Nilimwambia yule kijana maneno ambayo siyarudii hapa. Alinigeuzia simu anirekodi. Kwa hiyo kama kuna mtu atakutana na video ya mtu mwenye kofia nyekundu anafoka Central Park, ndiye mimi, na sijutii hata neno moja.

Lakini nisingefungua uzi kwa ajili ya picha peke yake. Picha watu wanapiga hata makaburini siku hizi. Kilichonitoa moyo ni kingine.

Mnamo saa 2 na nusu likaingia kundi la wageni kama 20, mbele yao mtembezaji kashika kibendera. Wimbo ulikuwa katikati. Hakusubiri uishe. Akapaza sauti juu ya watu wanaoimba, pale palipo na kibao kabisa kinachosema ni eneo la utulivu, akaanza kusimulia. Nikategea nisikie atawaambia nini. Nikajua labda atawaambia kwamba jina la mahali pale linatokana na nyumba ya watoto ya Liverpool ambayo Lennon alikuwa akicheza kwenye uwanja wake utotoni. Au kwamba bustani ilizinduliwa tarehe 9 Oktoba 1985, siku ambayo angetimiza miaka 45. Kuna hata bamba la shaba hatua chache kutoka pale lenye majina ya nchi zilizoiunga mkono kama bustani ya amani, na wale watu wametoka nchi mbalimbali, kila mmoja angefurahi kuitafuta ya kwake.

Hakuna. Aliwahadithia muuaji. Alitokea wapi, alifikia wapi, alivaa nini, alisubiri saa ngapi, bunduki aina gani, risasi ngapi, zimeingia wapi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mwalimu anayeuliza darasa: nani anajua jina lake? Na watu wakanyoosha mikono. Wakashindana kulitaja. Mtoto wa kama miaka 10 akawahi, akapongezwa.

Jina hilo likatajwa mara tatu au nne mita chache kutoka kwenye maua, wakati magita bado yanapigwa. Niliangalia wale wanamuziki, wamelisikia. Mzee wao akafumba macho akaendelea kupiga.

Sitaliandika jina hilo hapa, na naomba mtakaochangia msiliandike. Mtu yule amekataliwa kuachiwa huru zaidi ya mara 10, na mbele ya bodi inayosikiliza maombi yake amekiri kwa kinywa chake kwamba aliua kwa kutaka umaarufu. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Kwa hiyo kila anayesimama pale siku ile, usiku ule, na kumtangazia jina mbele ya umati, anamkabidhi mshahara aliouulia. Mtembezaji analipwa kwa kazi hiyo. Kesho yake anarudi na kundi jingine.

Baada ya hapo akawavusha barabara kuelekea lango la Dakota wakapige picha mahali penyewe alipoanguka. Ni nyumba ya watu ile. Wapangaji wake wanapita na mifuko ya sokoni katikati ya watu wanaoinama kupiga picha sakafu.

Nilibaki. Nilikuwa nasubiri saa 4:50 usiku, muda ambao risasi zilipigwa, kwa sababu niliambiwa watu huacha kuimba wakanyamaza kidogo. Ilipokaribia, magita yakashuka yenyewe bila mtu kutangaza. Bibi akanishika mkono. Pakaanza kutulia, kweli, nikasikia hata miti. Yule kijana wa mubashara akaanza kuhesabu. Kumi, tisa, nane. Kama mkesha wa mwaka mpya. Na wapo waliomfuata kuhesabu! Walipofika sifuri kuna mtu akapiga mluzi.

Sikuwa na nguvu ya kugombana tena. Mzee wa gita ndiye aliyewanyamazisha, hakusema neno, alisimama tu akaivua kofia yake katika baridi ile, na waliokuwa karibu wakavua za kwao, ikasambaa. Tukapata labda dakika moja na nusu ya kimya. Dakika moja na nusu, kutoka dakika 10.

Najua kuna watakaokuja kuniambia ni mahali pa umma, kila mtu ana uhuru wake. Sipingi uhuru wa mtu kuja. Napinga mtu kuja msibani akamsukuma mfiwa. Na kwa yule atakayesema ni miaka mingi imepita, msiba umekwisha: mwulize bibi yule. Mjane yupo. Watoto wapo. Wanaokuja pale na maua usiku wa Desemba hawakuja kuangalia historia.

Watembezaji wa wageni, kama wapo humu au mnafahamiana nao (najua Waswahili wenzetu kadhaa hapa jijini wanafanya kazi hiyo), nawaomba tarehe 8 moja tu kwa mwaka msilete makundi usiku. Mkileta, subirini wimbo uishe. Wasimulieni ile kesi ya uhamiaji. Nawaapia watu watasikiliza, nusu ya jiji hili imepitia foleni hizohizo. Na jina lile liacheni.

Ua la bibi tuliliweka saa 5 na robo, watu walipopungua. Alitaka liwe kwenye herufi ya kwanza. Nilimshusha, akaliweka, nikamwinua. Tulipofika kwenye njia nikageuka, mtu mwingine alikuwa ameshasimama juu yake, mgongo ametupa, simu juu.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha treni. Njiani akaniambia yeye alishaanza kufikiria kuacha tarehe 8, aje tarehe 9 Oktoba, siku ya kuzaliwa, maana nayo watu hukusanyika wakaimba, na siku hiyo hakuna anayeulizia risasi. Nikamwambia Oktoba nitakuja, nimeshaiandika. Lakini Desemba pia nitakuwepo, na yeye nimemwomba asiwaachie. Kama kuna mdau wa hapa New York au New Jersey anayeweza kuja, aniandikie humu. Tukiwa hata watu wanane tunatosha kuzunguka lile duara, bibi akaweka ua lake bila kuambiwa asogee.