Mitamba 2 au mbuzi 15 kwa boma la Marafa?

mfugaji_marafa
Salaam wote. Marehemu baba alituachia ekari 12 huku Marafa, nusu bado vichaka vya miiba. Pesa niliyonayo yatosha mitamba 2 wa aina ya Boran au mbuzi 15 wa aina ya Gala. Wazee wanasema boma bila ng'ombe si boma. Nawaomba waliofuga vyote viwili wanishauri.

mama_adu
Mwanangu, ukame wa 2020 hadi 2023 ulinikuta na ng'ombe 6. Alibaki mmoja. Kila asubuhi tulimwinua kwa gogo lililopitishwa chini ya tumbo, vijana wawili huku na wawili huku. Mbuzi walikonda, lakini walisimama kwa miguu yao, wakiparamia vichaka kutafuta majani. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, ng'ombe 9. Mvua iliporudi, mbuzi walinilipia karo kabla yule ng'ombe hajapata hata nguvu ya kupandwa.

muorma_witu
Pole sana mama. Ila Boran si wote sawa. Sisi twaishi na mbung'o, na ng'ombe wetu wamezoea. Utafiti wa miaka ya 1980 katika ranchi ya Galana ulionyesha Boran wa Waorma hustahimili nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o, kuliko Boran wa mashamba makubwa. Halafu wanaopima faida huhesabu kilo za nyama na lita basi. Mimi hukama chuchu mbili, mbili namwachia ndama. Hayo maziwa ndiyo chai ya watoto na samli ya mke wangu, na huyo ndama kesho ndiye mahari. Lakini nikwambie kweli, ndugu: kiangazi kikikaza sisi twahamia delta ya Tana. Wewe na ekari zako 12 utahamia wapi?

mtu_wa_mifugo_malindi
Hapo ndipo penye swali. Anza na mbuzi, ila si 15 wa Gala. Nunua majike 10 wa kienyeji na beberu mmoja wa Gala, umbadilishe kabla hajawapanda binti zake. Mnadani ukiona makamasi mazito na vidonda mdomoni, pita. Hiyo ni sotoka ya mbuzi, yaweza kumaliza zizi. Chanjo moja hukinga angalau miaka 3, usiikose.

mfugaji_marafa
Asanteni. Mama, gogo hilo nimelishika kwa ng'ombe wa baba. Jumamosi naenda mnadani. Ndugu wa Witu, mbuzi wakizaa vizuri, utanitafutia mtamba wa Kiorma?

muorma_witu
Njoo. Ila usije kiangazi, hutatukuta.