MREJESHO: Lile jina la Teskey la ukoo wa mume wangu

Wakuu habari zenu, nilikuja hapa kuuliza jina la Teskey lililotoka kwa bibi mzaa mama wa mume wangu, Limerick kule Ayalandi, maana halina O' wala Mac mwanzoni kama majina mengi ya Kiayalandi na kila mtu alikuwa ananiambia ni la Kiingereza. Jamani sio la Kiingereza kabisa, ni la Kijerumani!

Yule aliyenishauri nianze na sensa ya Ayalandi ya 1901 na 1911 Mungu ambariki, zipo bure mtandaoni na unaona fomu yenyewe ilivyojazwa kwa mkono. Tukakuta watu wa jina hilo wamejazana maeneo ya Rathkeale, mji wa huko huko Limerick, na majirani zao wana majina kama Switzer, Ruttle, Sparling, hapo ndo nikashtuka. Kumbe hao ni Wapalatini, wakulima Waprotestanti waliokimbia vita na njaa kwao kwenye bonde la mto Rhine huko Ujerumani, 1709 wakafika London halafu familia zaidi ya 800 zikapelekwa Ayalandi, wengi wakaondoka ila waliopewa mashamba na mwenye ardhi Southwell wakabaki.

Nyuma zaidi ni pagumu, kumbukumbu nyingi ziliungua Dublin 1922. Na tahajia inabadilika, Tesky, Teskey, tafuteni zote.

Nilimsomea mama mkwe kwenye simu akanyamaza kwanza, halafu akasema mama yake alikuwaga anasema "sisi tulikuja". Asanteni sana, Rathkeale kuna makumbusho yao tunaenda.